Sauti ya Kwanza: Kundi Linavyobadili Uamuzi wa Mtu

Mwanzoni mwa Oktoba 2016, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, kwa kazi ya udongo. Muda si mrefu uvumi ukaenea kwamba wageni hao ni wanyonya damu. Taarifa za siku zile zilieleza kuwa tangazo la kuwaita watu lilitolewa kwa kipaza sauti cha kanisa. Watafiti wawili na dereva wao wakauawa, gari lao likachomwa moto. Waliofanya hayo ni wanakijiji wa kawaida.

Kila linapotokea tukio la namna hii, mazungumzo ya mtaani hugawanyika mara mbili. Wapo wanaosema watu wamekosa utu, wamepandwa na mori, na binadamu akishakuwa kwenye kundi akili humtoka. Wapo wanaosema wananchi wamechoka: mwizi akikamatwa Jumatatu, Alhamisi yuko kijiweni anawacheka waliomkamata. Ajabu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuyasema yote mawili katika mazungumzo hayohayo. Na mtu huyohuyo atakuambia kwamba kikundi cha kuweka na kukopa kimemtoa shemeji yake kwenye madeni, na kwamba harambee ndiyo iliyosomesha nusu ya vijana wa kijiji chao. Kundi linaua, kundi linaokoa. Sasa lipi ni lipi?

Swali hili lina gharama zake. Tukikubali kwamba umati hupoteza akili, dawa yake ni polisi na mabomu ya machozi. Tukikubali kwamba umati una sababu zake, dawa ni kurekebisha mahakama na vituo vya polisi. Tukiona kwamba wengi waliokuwa pale hawakukubaliana na kilichofanyika ila walinyamaza, dawa inabadilika tena. Mitazamo yote mitatu ina wanazuoni wake na ushahidi wake, na kila mmoja una mahali unapochechemea.

Hoja ya kwanza: akili hupotea

Mtetezi maarufu wa hoja hii ni Gustave Le Bon, daktari wa Ufaransa aliyechapisha kitabu chake juu ya saikolojia ya umati mwaka 1895. Kwa maoni yake, mtu aliye ndani ya umati hujiona hashindiki, huambukizwa hisia za walio karibu naye, na hushuka ngazi kadhaa za ustaarabu. Ni vizuri kukumbuka alikuwa akimwandikia nani. Watu wenye mali nchini Ufaransa walikuwa bado wanaikumbuka kwa hofu Komuni ya Paris ya mwaka 1871, wafanyakazi walipoutwaa mji, na Le Bon aliipa hofu hiyo lugha ya kisayansi.

Katika karne ya 20 hoja iliingizwa maabara. Mwaka 1969 Philip Zimbardo alieleza jaribio ambamo wanafunzi wa kike waliovalishwa kofia za kufunika uso waliwapa wenzao mishtuko ya umeme (ya uongo, ingawa wao hawakujua) kwa muda karibu maradufu ya wale waliovaa vitambulisho vya majina. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976 watafiti walitumia usiku wa Halloween mjini Seattle, watoto wa Marekani wanapopita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Zaidi ya watoto 1,300 walifika katika nyumba zilizoandaliwa, wakaambiwa wachukue pipi moja tu, kisha mwenyeji akaondoka. Waliokuja peke yao na kuulizwa majina, walioiba walikuwa chini ya asilimia 8. Waliokuja kikundi bila kuulizwa majina, walioiba walifika asilimia 57.

Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Mtu asiyejulikana, aliyezungukwa na wengine wasiojulikana, hufanya mambo ambayo asingeyafanya akiitwa kwa jina lake. Hapo hoja ya kwanza inasimama imara.

Inapoyumba ni kwenye maelezo ya kwa nini. Mwaka 1979 Robert Johnson na Leslie Downing walilirudia jaribio la mishtuko kwa ujanja kidogo. Baadhi ya washiriki waliwavalisha mavazi ya kutisha yanayofanana na ya Ku Klux Klan, kundi la ubaguzi wa rangi la Marekani, na wengine sare za wauguzi. Kama kutojulikana peke yake kunamtoa mnyama aliyejificha ndani ya mtu, makundi yote mawili yalipaswa kuwa makatili. Haikuwa hivyo. Waliovaa sare za wauguzi, walipofichwa majina, walipunguza mishtuko. Miaka 19 baadaye Tom Postmes na Russell Spears walichambua tafiti 60 kwa pamoja na kukuta jambo lilelile: watu wasiojulikana ndani ya kundi hushikilia zaidi kaida ya mahali pale, iwe ya ukatili au ya huruma. Kuhusu jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambamo vijana waliigiza wafungwa na walinzi wao na ambalo hutajwa kila mara kama ushahidi wa mwisho, kumbukumbu zilizochapishwa tangu 2018 zimeonyesha kuwa “askari magereza” walielekezwa na watafiti wenyewe jinsi ya kuwa wakali. Halitufai tena kama ushahidi.

Hoja hii ina kasoro nyingine, nayo ni ya kisiasa. Inafuta majina. Magazeti yetu yana usemi wao wa kudumu, “wananchi wenye hasira kali”, na ukiusoma mara nyingi unaanza kudhani ni aina ya hali ya hewa: imekuja, imeua, imepita. Aliyeleta tairi anasahaulika, na aliyekwenda kununua petroli pia.

Hoja ya pili: kundi lina sababu zake

Mwaka 1924 Mmarekani Floyd Allport alimpinga Le Bon waziwazi: mtu ndani ya umati ni yuleyule aliyekuwa peke yake, ila amezidi. Baadaye mwanahistoria wa Uingereza E. P. Thompson, katika makala yake ya mwaka 1971, alichunguza ghasia za chakula za karne ya 18 na kukuta kwamba “wahuni” wale mara nyingi waliikamata nafaka, wakaiuza kwa bei waliyoiona ya haki, na fedha wakamkabidhi mwenye mali. Huo ni utaratibu bora kuliko ule wa masoko mengi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka mtaa wa St Pauls, Bristol, Aprili 1980, baada ya polisi kuvamia mgahawa uliokuwa kitovu cha vijana weusi. Stephen Reicher aliwahoji waliokuwapo. Umati ulishambulia polisi, magari yao na benki. Nyumba za watu ziliachwa. Ghasia hazikuvuka mipaka ya mtaa, na baadhi ya vijana walikuwa barabarani wakiongoza magari yapite salama. Umati uliojua nani ni adui na mpaka uko wapi ni vigumu kusema umepoteza akili. Reicher alihitimisha kwamba mtu hahami kutoka kuwa na nafsi kwenda kutokuwa nayo; anahama kutoka nafsi ya “mimi” kwenda nafsi ya “sisi”, na “sisi” ina kanuni zake.

Hoja hii inaeleza pia upande wa wema. John Drury na wenzake walikusanya simulizi za walionusurika mabomu ya London ya Julai 7, 2005, na kukuta watu wasiofahamiana wakigawana maji, wakifungana majeraha, wakingojana gizani kwenye treni chini ya ardhi. Hofu ya kukanyagana iliyotarajiwa haikuonekana sana. Hatari iliwafanya abiria kuwa kundi, na kundi likawa na adabu.

Kwetu, hoja ya pili huvaa nguo ya malalamiko juu ya dola: dhamana, rushwa kituoni, upelelezi usiokamilika. Kuna ukweli ndani yake. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiibwa na polisi hawakufika. Walikuwa na viongozi, walikuwa na baragumu na mwano wa kuitana usiku, na walikuwa na adhabu kwa asiyeitikia. Serikali, badala ya kuwapiga marufuku, iliishia kuwatambua kisheria. Sungusungu walifanya ukatili pia, hasa dhidi ya kina mama wazee walioshukiwa uchawi. Lakini haiwezekani kusema walikuwa umati usio na akili.

Hata hivyo hoja ya pili ina hatari ya kueleza kila kitu baada ya kutokea. Wakiua, “sisi” yao iliruhusu; wasipoua, “sisi” yao ilikataza. Haisemi ni nani aliyeiandika kanuni hiyo ndani ya dakika 20. Pale Iringa Mvumi, imani ya mumiani ni ya zamani na imeenea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Wanakijiji hawakuibuni siku ile. Lakini imani hiyo ilikuwa vichwani mwao jana yake na juzi yake bila kumdhuru mtu. Kilichoongezeka siku ile ni mtu aliyeitaja kwa sauti na kuwaelekezea wageni wale, na kipaza sauti kilichoibeba.

Tena hoja hii inachukulia kwamba kundi zima linaamini kitu kimoja. Tazama picha yoyote ya tukio la namna hii. Walio katikati wakipiga ni wachache. Nje yao kuna duara la wanaoangalia, nje zaidi kuna wanaopiga picha kwa simu, na nyuma kabisa kuna waliosimama mikono kifuani. Hao wa nyuma wanaamini nini? Hakuna aliyewauliza.

Hoja ya tatu: kimya kinachodhaniwa kuwa kukubali

Miaka ya 1950 Solomon Asch aliwakalisha wanafunzi mezani na kuwaonyesha mistari. Kazi ilikuwa ya kitoto: taja mstari upi unalingana kwa urefu na huu. Ila katika kila meza mshiriki wa kweli alikuwa mmoja tu; wengine wote walikuwa wamepangwa kutoa jibu moja la uongo, wakijibu kabla yake kwa zamu na kwa utulivu. Alisikia jibu la kwanza, akashangaa. La pili, akakunja uso. Ilipofika zamu yake alikuwa na macho yake upande mmoja na watu sita au saba upande wa pili. Karibu theluthi moja ya majibu yaliyotolewa katika hali hiyo yalifuata uongo.

Kipande kinachonukuliwa sana kinaishia hapo, na kinatumika kuonyesha kwamba binadamu ni bendera fuata upepo. Asch mwenyewe alivutiwa zaidi na mengine. Robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Walipopewa mwenzao mmoja tu wa kusema ukweli kabla yao, makosa yalishuka hadi robo ya yale ya awali. Na waliporuhusiwa kuandika majibu badala ya kuyatamka mbele ya wote, makosa yalipungua sana. Yaani wengi waliofuata kundi hawakuwa wameshawishika. Macho yao yaliendelea kuona sawasawa; kilichopotea ni mtu wa kutangulia.

John Darley na Bibb Latané walilipeleka jambo hili mbele mwaka 1968. Mtu amekaa chumbani anajaza fomu, moshi unaanza kupenya ukutani. Wakiwa peke yao, watatu katika wanne walitoka kwenda kuripoti. Wakiwekwa na watu wawili waliopangwa kutulia, ni mmoja katika kumi. Wengine walibaki wakikohoa, wakiupepea moshi kwa mkono na kuendelea kuandika. Kila mmoja aliusoma uso wa mwenzake, mwenzake naye akausoma wake, na nyuso zote tulivu zikathibitishana kwamba hakuna hatari.

Utafiti huu nao ulichochewa na hadithi iliyotiwa chumvi. Mauaji ya Kitty Genovese mjini New York mwaka 1964 yaliripotiwa kuwa yalitazamwa na mashahidi 38 wasiofanya lolote. Gazeti lililotoa habari hiyo lilikiri mwaka 2016 kwamba ilikuwa na makosa. Na utafiti wa kamera za barabarani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, uliochunguza ugomvi 219, uligundua kwamba katika matukio tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mmoja wao kusaidia ulivyoongezeka. Kwa hiyo kimya si hatima ya kundi. Lakini kila mara kinategemea kama kuna anayekivunja.

Ushahidi mzuri kuliko wote juu ya hili unatoka Kenya, ndani ya matatu. Hali yenyewe kila abiria wa Afrika Mashariki anaijua: dere anaovateki kwenye kona, watu 14 wanashika viti vya mbele yao, na hakuna anayefungua mdomo. Kila mmoja anajiuliza kama ni yeye tu mwoga. Mwaka 2008 James Habyarimana na Billy Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waligawa stika kwa matatu za safari ndefu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, stika zinazowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Ili madereva wasizibandue, waliokutwa nazo bado zimebandikwa waliingizwa kwenye bahati nasibu ya fedha. Madai ya bima ya ajali katika magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa lililofuata, kwa jina la “Zusha!”, likihusisha maelfu ya magari, lilionyesha upungufu wa kati ya asilimia 25 na 33.

Stika haikumfundisha abiria kitu asichokijua. Kila mtu ndani ya gari alijua mwendo ni wa kifo. Ilichofanya ni kumpa yeyote atakayesema kwanza uhakika kwamba wengine wamesoma maneno yaleyale, hivyo hataonekana mkorofi. Tena iliyafanya makemeo kuwa jambo la kundi: akianza mmoja, wa pili humwitikia.

Upande wa giza wa utaratibu huohuo ulionekana Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakimbilia kuchota, wengi wao vijana wa bodaboda. Lililipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Miaka kumi nyuma, Januari 2009, jambo kama hilo lilikwishatokea Sachangwan, Kenya, na lenyewe likaua zaidi ya watu 100. Umaskini ni sehemu ya maelezo, na anayeudharau hajawahi kuhesabu bei ya lita. Lakini petroli kila mtu anajua inawaka. Anayefika wa kwanza huchota kwa woga. Wa kumi anaona tisa waliochota na hawajadhurika. Wa hamsini hana tena cha kufikiri, kwa sababu watu 49 wameshafikiri kwa niaba yake. Kumbe hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri; kila mmoja alimhesabu mwenzake kuwa ushahidi.

Kundi lenye meza na muhtasari

Wengine watasema umati wa barabarani ni jambo moja, kikao chenye mwenyekiti ni jambo jingine. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini.

Aprili 1961 serikali ya Rais John Kennedy wa Marekani ilituma wakimbizi wa Kuba wapatao 1,400 kuvamia nchi yao katika Ghuba ya Nguruwe, wakashindwa ndani ya siku tatu. Waliokaa kikao kilichopitisha uvamizi huo walikuwa wasomi wa juu wa nchi hiyo. Irving Janis, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alidai kwamba upendo wa kikundi uliwaziba midomo: kila mwenye shaka alidhani yuko peke yake. Oktoba ya mwaka uliofuata, katika mgogoro wa makombora nchini Kuba, Kennedy alibadili utaratibu. Baadhi ya vikao alijiondoa makusudi ili watu wasizungumze kwa kumwangalia usoni, na wengine wakapewa kazi ya kupinga. Wakosoaji wa Janis wanasema alichagua mifano akiwa tayari anajua ilivyoishia, na kwamba vikundi vyenye mshikamano mara nyingi huamua vizuri tu. Wana haki. Lakini mabadiliko ya 1962 yanatuambia kitu ambacho nadharia yenyewe haikihitaji: watu walewale, taratibu tofauti, matokeo tofauti.

Garold Stasser na William Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba vikundi hujadili zaidi yale ambayo kila mjumbe anayajua tayari, na taarifa iliyo kichwani mwa mmoja tu hubaki humohumo. Francis Galton naye, mwaka 1907, alichapisha makadirio 787 ya uzito wa maksai baada ya kuchinjwa na kusafishwa, kutoka maonyesho ya mifugo Plymouth. Kadirio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito halisi 1,198. Kila mkadiriaji aliandika kwenye kadi yake bila kuona ya mwenzake. Mwaka 2011 watafiti wa Uswisi waliwaonyesha wanafunzi makadirio ya wenzao kabla ya kuamua: majibu yakasogeleana, usahihi haukuongezeka, na kila mmoja akazidi kujiamini. Wengi wana hekima hadi wanapoanza kusikilizana vibaya.

Sasa chukua mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mkutano huo ndio wenye kauli juu ya ugawaji wa ardhi. Meza ya mbele wamekaa mwenyekiti, mtendaji, diwani, na pengine mgeni kutoka wilayani aliyekuja na gari. Diwani anafungua kwa kusema mradi huu ni neema. Kisha: “Wanaoafiki wanyooshe mikono.” Mikono inapanda. “Wasioafiki?” Nani atanyoosha mkono pale, mbele ya mtendaji atakayemgongea muhuri wa barua kesho? Muhtasari unaandikwa kwamba mkutano umeridhia kwa kauli moja. Ni chumba cha Asch kilichohamishiwa chini ya mwembe, ila hapa mistari ni ekari.

Kutegea, na sanduku la kufuli tatu

Kuna upande mmoja ambao hoja zote tatu huupitia juujuu: kazi. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba na kukuta kwamba katika kundi la watu wanane kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu aliyotoa peke yake. Sisi tuna neno zuri kuliko la maabara: kutegea. Mashamba ya ujamaa ya vijiji katika miaka ya 1970 yaliumwa na ugonjwa huu. Mtu alikwenda shamba la kijiji amechoka na kurudi kwake kulima kwa nguvu. Lakini wanaume wa vijiji vya namna hiyohiyo Usukumani, miaka michache baadaye, waliamka usiku wa manane kuufuata mwano wa sungusungu. Utamaduni ulikuwa uleule, na umaskini uleule. Tofauti ni kwamba ng'ombe aliyekuwa akifuatwa alikuwa na mwenyewe, na asiyetokea alijulikana kabla hakujapambazuka.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimelifanyia kazi jambo hili kwa makini kuliko wanadharia wengi. Mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991 na kuenea hadi kwetu una sanduku la chuma lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, na kwa kawaida hakuna kati yao anayelitunza sanduku lenyewe. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Kila mwanachama ana namba yake na daftari lake, mchelewaji hutozwa faini papo hapo. Wanaosema vikundi hivi vimejengwa juu ya kuaminiana wanakosea kidogo: vimejengwa hivi kwamba kuaminiana kusihitajike sana. Gharama yake ipo. Jicho la kundi linalomlazimisha mama kuweka akiba ndilo linalomwaibisha anapofiwa na kushindwa kurejesha, na kuna waliouziwa vyombo vya ndani na watu waliokula nao pilau ya Idi.

Kupima

Ukiziweka hoja tatu kwenye mizani moja, ya kwanza imeona dalili na kukosea ugonjwa. Kutojulikana kunabadili watu kweli, lakini hakuwaelekezi kwenye ukatili kila mara. Kunawaelekeza kwenye kaida iliyopo. Hoja ya pili imeiona kaida hiyo na kuwarudishia watu akili zao, ila imewahesabu wote kuwa waumini. Ya tatu ndiyo inayoeleza mwendo wenyewe, jinsi watu wachache wanavyopewa uzito wa wengi kwa sababu walitangulia na hakuna aliyejibu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kushika kwanza, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo mkono mmoja unaweza kubadili jambo kabla ya polisi kufika. Hoja ya pili ifuate, maana bila kituo cha polisi kinachoaminika mtu anayesema “tumpeleke polisi” hana cha kuahidi. Sauti yake ya kupinga inakuwa nyepesi.

Ugumu uko kwenye majina. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 23, inawajumuisha wote waliokuwa na nia ya pamoja, kwa hiyo sheria haiwaachii watu kwa kuwa walikuwa wengi. Kinachowaachia ni ushahidi: nani alionekana akifanya nini. Simu za wanaopiga picha zimebadili hali hiyo kiasi, ingawa wengi huzifuta wakisikia upelelezi umeanza. Wengine wanataka kila kitu kifanyike kwa jina na uso, hadi kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako baada ya mauaji ya umati nchini India mwaka 2018 kampuni iliweka kikomo cha idadi ya mazungumzo ambamo ujumbe mmoja unaweza kusambazwa kwa mara moja. Kikomo hicho kinachelewesha uvumi, hakimtaji aliyeuanzisha.

Lakini kumwondolea kila mtu kificho ni hatari kwa upande mwingine. Kutojulikana kunakomlinda mpiga mawe ndiko kunakomlinda mpiga kura, na anayeandika jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka mbele ya mtendaji. Panapotendwa jambo dhidi ya mwili au mali ya mtu, majina yanahitajika. Panapotolewa maoni mbele ya wenye nguvu, siri inahitajika. Kwetu mara nyingi tumeyageuza: umati unaua bila jina, na mwanakijiji anapiga kura ya ardhi yake mkono ukiwa hewani.

Kura ya siri katika kila ajenda ya kijiji haiwezekani. Watu 300, karatasi, kalamu, wasiojua kusoma wanaohitaji alama, na jua la saa saba, hapo nusu ya siku imekwisha na nusu ya wajumbe wameondoka. Ibaki kwa ardhi na kwa kumwondoa kiongozi madarakani. Kwa mengine yote kuna mabadiliko yasiyo na gharama: meza ya mbele izungumze mwisho, wa kwanza kuulizwa wawe vijana na kina mama waliokaa nyuma, na muhtasari uandike hoja za waliopinga pamoja na idadi yao. Wenyeviti wengi hawatapenda, kwa sababu kikao kitakuwa kirefu na “kauli moja” itapatikana mara chache.